Kushoto Nne, Kulia Tatu

Nimemwona akimpiga mtu kwa spana, kwa ndala, kwa kipande cha tairi, kwa helmeti ya mtu mwenyewe, na siku moja kwa kuku. Kuku alipona. Mtu alishonwa nyuzi mbili juu ya jicho, na wiki iliyofuata alirudi na pikipiki ileile, kwa sababu mtaa wetu mzima wa Wabera hakukuwa na mwingine aliyezijua springi za nyuma kama yeye.

Tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, na waliolijua walilitumia msikitini. Sisi wengine tulikuwa na Fundi tu, na mtu akisema Fundi amekasirika, hakuna aliyeuliza fundi gani. Naandika habari zake kwa sababu kuna damu ambayo mji wote umeiweka juu ya kichwa chake, na sehemu ya damu hiyo ni yangu. Nilinyamaza miaka sita. Nitaanza na jinsi alivyokuwa, ili mnijue mimi pia.

Hakuwa na gereji. Alifanyia kazi nyumbani, uani, nyuma ya lango la mabati lililobonyea katikati kwa mateke yake mwenyewe. Wenye pikipiki walimsihi afungue kibanda karibu na steji ya bodaboda, wasiwe wanaingia kwake wakiwakanyaga kuku. Alikataa. Alisema mtu anayetengenezewa springi hukaa juu ya pikipiki yake na kusema ukweli wa mzigo anaobeba, na hakuna mwanaume atakayesema ukweli huo mbele ya wenzake.

"Stejini kila mtu anabeba mtu moja," alikuwa akisema. "Wakija hapa kwangu, wallahi, wanabeba kijiji."

Yule wa kuku alikuwa amemwambia anapanda peke yake. Fundi akamlegezea springi zote mbili. Siku ya tatu alipita nje ya lango na magunia matatu ya saruji, na Fundi alimsikia kabla hajamwona, gurudumu likigonga chuma kila penye shimo. Akatoka mbio. Mkononi hakuwa na kitu, na kuku alikuwa karibu.

"Umenidanganya mimi ama umedanganya mgongo yako?" alimuuliza, manyoya yakiruka.

Alikuwa mtu mkatili, na sitaki kumpunguzia. Siku moja mwendesha boda mmoja alimgonga mtoto wa darasa ninalofundisha mbele ya shule. Mtoto alichubuka goti tu, lakini Fundi alikuwa akipita. Alimwangusha yule kijana akampiga kwa tyubu mpaka tukawa watu wanne wa kumvuta. Mimi nilimshika kiuno, akanirusha ukutani bila hata kugeuka kuniona ni nani. Baadaye aliikagua pikipiki, akakuta breki ilikuwa imekatika waya. Hakuomba msamaha. Alifunga waya mpya, kisha kwa siku tano akampelekea kijana uji hospitalini na kumnywesha kwa mkono wake huku akimtukana kwa lugha tatu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakingoja saa hiyo kwa hamu kama redio.

Mtu huyohuyo hakuweza kuona mbuzi akichinjwa. Siku ya Idi alitafuta sababu ya kutoka. Alienda kusimama nyuma ya msikiti mikono imefungwa mgongoni, na mke wake ndiye aliyemsimamia mchinjaji. Mke wake alikuwa mfupi kiasi kwamba kofia ya Fundi ikianguka ndiye aliyeiona kwanza, na alikuwa mtu pekee wa kumpigia kelele.

"Fundi! Chakula inapoa!"

Na Fundi, mwenye nyundo mkononi na mtu mbele yake anayetetemeka, alikuwa akiiweka nyundo chini na kwenda kunawa.

Sasa niseme kazi yake, maana bila kazi hamtaelewa kosa. Springi za nyuma, ambazo wengi huziita shoki, ni mbili, moja kila upande wa gurudumu. Chini ya kila moja kuna kikombe cha chuma chenye ngazi tano. Ukikizungusha kwa spana ya ndoano kikapanda ngazi, springi inakaza na pikipiki inabeba mzigo bila kulikalia gurudumu. Ukikishusha, springi inalegea, na anayepanda peke yake haumizwi mgongo. Mafundi wote wa dunia wanasema pande mbili ziwe sawa. Yeye alisema mafundi wote wa dunia hawajabeba mama wa Isiolo.

Mama wa Isiolo hukaa upande. Amevaa dera, miguu yote miwili iko kushoto, na mapajani ana jerikeni ya maziwa au mtoto au vyote viwili. Kwa hiyo Fundi aliweka kushoto ngazi ya nne na kulia ngazi ya tatu. Mafundi wengine walimcheka, na walimchekea mbali. Waliobeba akina mama waliapa kwamba pikipiki zao zilikuwa zimeacha kuvuta kushoto. Akimaliza, alimkalisha mwenye pikipiki juu, akamkalisha na mke wake yeye Fundi nyuma, upande, na jerikeni ya maji mapajani, kisha akapima kwa vidole pengo kati ya tairi na bamba la matope. Vidole vitatu vikipita, sawa. Viwili, anarudia. Mwisho alichovya njiti ya kiberiti katika rangi nyekundu ya mafuta na kuweka doa juu ya kikombe cha kushoto, dogo kama punje ya mtama. Ukiigusa pikipiki ukapandisha au kushusha, doa lilihama, naye alijua, na ukapigwa.

"Springi haina adabu," alisema, "lakini iko na kumbukumbu."

Doa hilo lilimpa jina kubwa kuliko yeye alivyotaka. Pikipiki iliibwa Wabera, ikaonekana tena ina namba nyingine, tangi jingine, hata kiti kipya. Fundi aliinama, akaangalia vikombe, akasema, "Hii ni mkono yangu," akamtaja mwenye nayo. Ilikuwa kweli. Mwizi alivunjwa mkono. Mara ya pili ikawa kweli tena, na yule wa pili aliokolewa na mvua, maana watu walikimbia kujikinga. Baada ya hapo, Fundi akisema ni mkono wake, hakuna aliyetaka ushahidi mwingine.

Mimi nilimpenda. Nikitoka shuleni nilipita kwake, nikakalia kreti ya soda, nikamtazama. Yeye hakufundisha mtu. Alisema anayefundisha anaongeza washindani. Lakini hakuweza kumzuia mwalimu kuangalia, na mimi nina tabia mbaya ya kutaka kuonyesha kwamba nimeelewa. Nilinunua spana yangu ya ndoano. Nikaanza kujirekebishia springi nyumbani, Jumamosi, lango limefungwa.

Halkano alikuwa rafiki yangu. Alipanga chumba karibu na kwangu, alibeba maziwa ya ngamia kutoka mabomani hadi sokoni, ambako mama yake aliyauza. Mama alikuwa na nyonga mbaya, na kila asubuhi Halkano alimpeleka sokoni nyuma yake, amekaa upande, jerikeni mapajani. Pikipiki ilimrusha kila tuta. Halkano alitaka kwenda kwa Fundi lakini aliogopa.

"Mwalimu, nikienda pale atanipiga hata kabla nimesema salaam aleikum."

"Lete kwangu," nikamwambia.

Nakumbuka Jumamosi ile vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Tuliisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati. Tukasugua matope kwenye vikombe kwa mswaki wa zamani na dizeli, maana kikombe kikizunguka na mchanga kinajila. Nikaingiza ndoano, nikavuta. Ngazi ya pili, ta! Ya tatu, ta! Ya nne ilikataa, spana ikateleza, nikachuna vifundo vya vidole, Halkano akacheka hadi akakaa chini. Nikavuta tena kwa mikono miwili. Kushoto nne, kulia tatu. Nikamkalisha, nikakaa nyuma upande kama mama, na ndoo ya maji mapajani, mke wangu akachungulia dirishani akauliza kama tumerukwa na akili. Vidole vitatu vikapita.

Hapo ningeacha. Lakini niliingia ndani nikachukua rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, nikachovya njiti, nikaweka doa. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ilikuwa majivuno tu. Nilitaka kazi yangu ifanane na yake.

Wiki mbili baadaye, pikipiki ya jirani wa Fundi iliibwa mbele ya duka. Ilikuwa ya aina ileile na rangi ileile na ya Halkano, na yeye jirani alimbeba mke wake mnene kila siku, kushoto nne, kulia tatu. Siku ya pili yake, baada ya alasiri, Halkano alipita mbele ya lango la mabati na jerikeni tupu. Kikombe cha kushoto, chenye doa, kilikuwa kikiangalia lango.

Nilikuwa juu ya kreti ya soda. Fundi alitoka kama mtu aliyeitwa. Akashika usukani, akazima injini, akainama.

"Hii ni mkono yangu," akasema.

Watu hawakukimbia kuja. Walitembea tu, kutoka kinyozi, kutoka duka la dawa, kutoka stejini, wakajaa. Sijaona kitu cha kutisha kuliko watu wengi wanaotembea polepole.

"Hii pikipiki ni yangu," Halkano akasema. "Niko na karatasi nyumbani."

"Hii shoki nani alikuwekea?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki gani? Hakuna mtu anaweka hivi isipokuwa mimi. Sema jina."

Halkano akainua kichwa, akanitafuta, akaniona. Tulikuwa mbali kama hapa na lango la jirani. Alikuwa na jina langu mdomoni, na hakulitoa. Aliwatazama wale watu, wenye mawe tayari mikononi, kisha akanitazama tena. Hakutaka kuwaelekeza kwangu. Alikuwa akiningoja niseme mwenyewe.

Mimi nilifikiri: nikisema ni mimi, watasema ni wawili. Nilifikiri juu ya watoto wangu. Nilifikiri mambo mengi yenye akili, na yote yalichukua muda wa mtu kumeza mate. Fundi alingoja muda huo wote. Alingoja kweli, nimemshuhudia. Kisha akampiga Halkano kwa spana ya ndoano, mdomoni, na baada ya hapo hata kama angetaka kunitaja asingeweza.

Waliomalizia ni wengine. Mawe, kisha tofali la kinyozi, kisha mtu nisiyemjua alirukia kifua chake kwa miguu miwili, mara tatu, akihesabu. Jerikeni ilipigwa mateke mpaka ikapasuka. Mtu aliita tairi na petroli, na hapo ndipo mke wa Fundi alipotoka akapiga kelele, na Fundi, kwa mara ya kwanza, hakuisikia sauti yake. Petroli haikufika. Haikuhitajika. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya lango lake, mikono imefungwa mgongoni, vilevile alivyosimama nyuma ya msikiti siku ya Idi.

Siku tatu baadaye pikipiki ya jirani ilipatikana Leparua, nje ya mji, imelala korongoni, vikombe vyake na doa lake la kweli.

Jioni ya siku hiyo Fundi aliweka mkono wake wa kulia juu ya chuma cha kunyooshea rimu, akashika nyundo kwa kushoto, akaupiga. Mke wake aliniambia baadaye kwamba alipiga mara nne na hakutoa sauti. Majirani waliambiwa jeki iliteleza. Kiganja kilipona vibaya, vidole viwili vikaelekea ndani, na kwa mkono huo spana ya ndoano hakuishika tena. Polisi walichukua maelezo ya watu wengi ambao hawakuona kitu, mimi nikiwa mmojawapo. Nilieleza kwa Kiswahili sanifu.

Kuanzia hapo mji ukawa na mazoea mawili. La kwanza, kila Ijumaa baada ya sala, Fundi alikwenda sokoni kwa Mama Halkano, akasimama mbele ya jerikeni zake bila kusema, akafukuzwa, akaondoka. La pili liliwafurahisha watu zaidi. Kila aliyemtembelea aliombwa amrekebishie springi za pikipiki yake. Wiki hii fundi wa magari, wiki ijayo muuza miraa, kisha shemeji yake, kisha kinyozi. "Mkono yangu imekufa," aliwaambia, "niwekee vile unajua wewe." Waliweka sawa pande zote, au waliharibu. Aliwashukuru, na hakumpiga hata mmoja. Watu walisema uzee umemlainisha, au umempumbaza.

Mimi sikumtembelea. Nilibadilisha njia ya kwenda shuleni. Maziwa nilinunua dukani, ya pakiti.

Mwaka huu nilisikia kwamba sukari imekula mguu wake na madaktari wanataka kuukata. Niliogopa atakufa. Naona aibu kusema kwamba nilichoogopa si kifo chake. Niliogopa ataubeba mzigo wangu mpaka kaburini, kisha nisiwe na mtu wa kumrudishia. Nikaenda Jumamosi asubuhi.

"Habari, Fundi."

"Mwalimu," akasema. "Umepotea." Alikuwa ameketi juu ya kreti yangu ya soda, mguu umefungwa bendeji. Pikipiki yake ilikuwa kwa stendi ya kati, imeoshwa, spana juu ya kiti. "Mimi sikanyagi tena, nakaa nyuma kama mama. Niwekee hii shoki vile unajua wewe."

Ningeweza kuweka sawa pande zote. Nilishika spana nikiwa nimeamua hivyo. Lakini mikono ilikuwa imechoka kuficha kuliko kichwa. Kushoto ta, ta, ta. Kulia ta, ta. Nilisugua mchanga kwanza, bila kuambiwa. Nikarudisha spana juu ya kiti.

Fundi hakuinama kuangalia. Alikuwa amehesabu kwa masikio.

"Umesahau doa," akasema.

Niligeuka, nikatazama kikombe cha kushoto.

"Siku ile wamepata ingine Leparua, nilikwangua ile ya kijana. Rangi yangu inatoka unga. Hiyo ilitoka kama ngozi. Rangi ya kucha." Akanyanyuka, akishika ukuta. "Akasema rafiki. Mimi nikasema anadanganya. Miaka sita natafuta hiyo rafiki, mwalimu. Nimewekewa shoki na mji mzima."

Alichukua spana kwa mkono wa kushoto. Nilijua inakuja na sikuinua mkono. Iliingia juu ya bega, nikasikia mfupa ukilia ndani ya kichwa changu, nikapiga magoti kwenye mavi ya kuku. Niliona ahueni, Mungu anisamehe, nikafikiri sasa imekwisha, tumelipana. Akaniinua kwa shati.

"Washa," akasema. "Hiyo ilikuwa yangu. Yake bado."

Nikaendesha kwa mkono mmoja. Fundi alikaa nyuma yangu, upande, miguu yote miwili kushoto, bendeji ikipepea. Pikipiki haikuvuta upande wowote. Watu wa Wabera walitukodolea macho mpaka tukafika sokoni.

Mama Halkano alikuwa akimpimia mtu maziwa. Alimwona Fundi, akafungua mdomo kumfukuza, ingawa haikuwa Ijumaa, kisha akaniona mimi na bega langu lililoanguka. Alinitazama kama mtu anayekumbuka sura aliyowahi kuiona kutoka dirisha la chumba cha mwanawe.

"Salaam aleikum, mama," Fundi akasema. "Nimekuletea rafiki."

Nilisema yote. Spana, Jumamosi, rangi ya kucha. Nilisema kwamba aliulizwa jina langu na hakulitoa. Nilisema nilikuwa pale. Mama hakulia, wala hakuacha kushika kikombe cha kupimia. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Ulikuwa mbali aje?"

Nikatazama huku na huku, nikamwonyesha kibanda cha muuza viazi, ng'ambo ya njia. "Kama pale."

Akageuka akaangalia kibanda. Muuza viazi alikuwa akizungumza na mteja wake, kwa sauti ya kawaida, juu ya mvua. Mama akasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akamgeukia Fundi, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akamsemesha bila kumfukuza.

"Kutoka pale, huyu angesema, ungemsikia?"

Fundi aliangalia mkono wake uliopinda.

"Ningemsikia," akasema.